Nani Kamhamisha Namba 7?

Shefu wetu alianzia kazi kwenye depo za kampuni ya madini ya Gécamines, enzi ambazo kila bolti ilikuwa na rafu yake, na kila rafu kadi yake. Kwa hiyo swali lake lilikuwa jepesi: ile ramani ya shimo la mgodi iliyopigwa na droni iko kwenye diski ipi? Alitaka ichomolewe, aitie begini, aende nayo Lubumbashi.

"Iko kwenye zote, Shefu."

"Kijana, kilicho kila mahali ni Mungu au vumbi la Kolwezi."

Kuhusu vumbi sikubisha. Lakini sisi tunatumia Ceph, mfumo wa kuhifadhi data uliotokana na utafiti wa uzamivu wa Sage Weil huko Santa Cruz, Marekani. Faili la giga 4 hukatwa vipande vya mega 4, yaani vipande 1,024. Kila kipande kina nakala 3, na zote 3,072 zimetapakaa kwenye diski zetu 24. Tena hakuna daftari la kuonyesha kipi kiko wapi: mahali hukokotolewa upya kila mara kutokana na jina la kipande. Hilo la kukosa daftari ndilo lililomuuma zaidi.

Basi nikamtafutia walau kipande cha kwanza. Unachukua namba ya ndani ya faili, unaigeuza heksadesimali, unaongeza nukta na sifuri nane, kisha unauliza mashine. Ikajibu: diski 7, 2, 11.

"Mkubwa wao nani?"

"Saba. Yeye hupokea data, ndipo awagawie wenzake."

Hilo alilielewa upesi mno. Akaandika namba zile kwenye kadi, akaigonga muhuri, akaifungia kabatini.

Usiku umeme ukakatika (naam, hapa hapa Kolwezi inapoishia laini ya umeme ya kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga). Uliporudi, diski 7 haikuamka. Mfumo ukaisubiri dakika 10, ukaifuta kwenye hesabu, ukakokotoa upya: 2, 11, 5. Hakikupotea hata kipande kimoja. Nikampelekea Shefu habari hizo njema.

Akavaa miwani, akalinganisha na kadi yake.

"Huyu 5 katoka wapi?"

"Amepangiwa, Shefu."

"Na nani?"

"Na hesabu."

"Barua yake ya uhamisho iko wapi?"

Nikaenda kuichapa. Nakala 3.