Jinsi ya Kuitwa Mzee wa Busara Bila Kusumbuka

Anza na bakora. Tafuta iliyokwisha kung'arishwa na kiganja cha mtu mwingine, maana bakora mpya humchongea mwenyewe. Mfuko ukiruhusu, ongeza mgwisho na kofia ya manyoya. Hapo nusu ya busara unayo. Iliyobaki ni sauti.

Sauti hunolewa matangani. Waache wenzako wamalize, kohoa, kisha utangaze kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Usiguse suala la nani aliwalea. Ukiwa Maua, walaani watafunaji wa miraa. Usikumbuke karo ya wanao ilitoka shamba gani. Ukiwa Embu, badilisha tu, useme muguka.

Sasa tafuta cheo. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru ambalo makao yake yako Nchiru, kule Tigania, lilikuwa na mtindo wa kuchosha: mtu alichujwa ngazi kwa ngazi, mwenendo wake ukiangaliwa na waliomjua, ndipo ale kiapo. Bahati nzuri siku hizi kuna njia ya mkato. Msimu wa kampeni, mgeni hushuka na helikopta asubuhi, huvishwa vazi, hushikishwa mgwisho, na kabla ya chakula cha mchana amekwisha kuwa mzee. Nikiwatazama hawa, nawaonea huruma wazee wa zamani kwa miaka waliyoipoteza.

Ukishapata kiti, toa amri. Amri ni rahisi kuliko mfano. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, ikishirikiana na serikali ya mkoloni, ilipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Wasichana wengi wakajikeketa wenyewe kwa ukaidi, wakaitwa Ngaitana, na maelfu ya watu wakashtakiwa. Marufuku yenyewe ilikuwa ya haki, lakini wasichana hao hawakushawishiwa na mtu, waliamriwa tu. Wewe usijali hayo. Amri inayokaidiwa nayo huonekana vizuri kwenye kumbukumbu za kikao.

Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu, ikariri yote. Ni ya kumsomea mpinzani wako.

Na kama una wasiwasi kwamba wananchi watakuchoka, itazame Embu. Gavana wake wa wakati huo ndiye aliyekuwa wa kwanza nchini kung'olewa na Seneti, mwaka 2014. Mahakama ikamrejesha, na 2017 wapiga kura wakamchagua tena.

Kuna watu wawili tu ambao mwongozo huu umeshindwa nao. Wa kwanza ni jirani wa mpakani, anayejua ua ulipandwa wapi na sasa uko wapi. Wa pili ni mama aliyekuchumia kahawa, akakujazia madebe sita, ukamwandikia matano. Hao hawaangalii mgwisho. Basi mzee wangu, kabla hujapanda jukwaani Jumamosi, rudisha ua mahali pake na umlipe mama debe lake.