Wali wa Nazi Uliofananishwa na Saruji

Mpishi wa oda mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alipakua wali wa nazi na samaki wa kupaka, akapiga picha na kuiposti saa saba mchana. Mteja wa kwanza kuandika hakuuliza bei. Aliuliza: “Dada, samahani, hiyo ni saruji?”

Wali haukuwa na kosa. Ulikuwa mweupe na umechambuka, ila kamera ndiyo iliyoupaka majivu. Simu haijui kuwa inatazama chakula. Inapima mwanga tu, kisha inaivuta picha nzima kwenye wastani, isiwe nyeupe sana wala nyeusi sana. Ikiwekewa wali mweupe kwenye sahani nyeupe, juu ya kitambaa cheupe, inadhani mwanga umezidi na inaupunguza, na wali unatoka kijivu. Harusini ni balaa lilelile: mpiga picha akiupima mwanga kwenye shela, bwana harusi mwenye suti nyeusi anabaki meno na tai, akiupima kwenye suti, bibi harusi anayeyukia ukutani. Kwenye simu nyingi dawa ni kugusa kioo pale penye wali, halafu kupandisha kidole polepole mpaka weupe urudi. Kabla ya hapo, kufuta lenzi. Lenzi ya mtu anayekaanga samaki huwa imeshapakwa mafuta, na picha yake hutoka na ukungu kila siku, hata kiangazi.

Dada wa Tabata hakufuta wala hakugusa. Aliwasha flashi. Mchuzi wa nazi una mafuta, na mafuta huurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo kila tone likapata kinyota chake, na samaki akatoka amekodoa jicho jeupe mithili ya mtu aliyefumaniwa. Flashi ya simu, tena, nguvu yake ni ya mita chache tu. Shabiki anayeiwasha akiwa jukwaa la juu la Uwanja wa Benjamin Mkapa, ili amnase mchezaji katikati ya uwanja, anamulika kisogo cha aliyekaa mbele yake.

Basi watu wakashauri: toka nje, jua ni la bure. Ni la bure kweli, lakini Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi, kisha tena Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Saa hizo paji la uso huyatupia macho kivuli, pua nayo ikaupa mdomo sharubu, hata kwa bibi harusi. Mwanga laini huja asubuhi na jioni, ila haukai, kwa sababu huku kwetu jua huzama karibu wima. Kundi la marafiki pale Coco Beach likianza kubishana nani ashike simu, ubishi unapoisha kumeshaingia giza. Kuna kitu rahisi zaidi, nacho hakina foleni: kivuli cha baraza, au stuli iliyosogezwa dirishani.

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alilijua hilo mapema. Alifungua studio mwaka 1948, na wateja wake wengi aliwapiga uani kwa mwanga wa asili, nyuma yao ametundika shuka yake ya kitandani. Shuka ikichakaa aliweka nyingine, na miaka mingi baadaye akawa anaitambua tarehe ya picha kwa kutazama nakshi ya shuka. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Wapigaji wetu wengi wana simu ya gharama, halafu nyuma ya keki wanaacha ndoo, malapa na jirani anayepiga mswaki.

Si kila kichekesho ni cha mpigaji, hata hivyo. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara za picha kadi ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, ili rangi zilinganishwe na ngozi yake. Watu weusi walitoka giza tupu. Wanaotajwa kuisukuma kampuni irekebishe filamu zake ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliochoka kuona bidhaa zao zote zina rangi moja. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu! Mwaka 2021 Google ilitoa simu za Pixel 6 zikiwa na mfumo wa Real Tone, uliotengenezwa ili ngozi nyeusi ionekane ilivyo. Na bado wapo watakaozinunua, kisha wakaweka filta ya kujing'arisha mpaka mama mzazi aulize huyo ni nani.

Balaa la mwisho huipata picha ikiwa imeshatoka vizuri. Mwenye banda la kuku anataka bango la mita mbili, anamrushia mchapaji picha kwa WhatsApp, na huko njiani inabanwa ili iwe nyepesi. Angeituma kama faili ingefika nzima. Bango linatundikwa, kuku amekuwa vijimraba, mapaja hayatofautishiki na mabawa. Mwenye banda anawaka. Mchapaji anafungua simu yake, anamwonyesha: “Mama, huyu kuku alikuja hivihivi.”