Fizikia ya Brussels

Funga jiwe la lava kwenye uzi pale Mubambiro, kando ya barabara ya Goma kwenda Sake, lipembee huku ukihesabu sekunde. Namba ya mvuto wa dunia hapo haifiki 9.78: ikweta iko jirani, na Ziwa Kivu lenyewe limekaa mita 1,460 juu ya bahari. Lakini ripoti za maabara za wanafunzi, hasa zile ambazo hazikuwahi kuona uzi, huleta 9.81, namba ya Brussels. Hongera, mmefika Ulaya bila viza! Aliyepima kweli, mkono ukimtetemeka, akapata 9.6, hupewa sifuri na kuambiwa arudie. Naye harudii kosa: safari hii anakopi. Msimamizi wa mtihani, wakati huo, yuko mlangoni anapekua mifuko akitafuta vikaratasi.