Ngitili Inaomba Karani: Barua ya Wazi kwa Wenye Kalamu ya Ramani

Waheshimiwa wapima ardhi, wapanga miji na nyote mshikao rula,

Sisi wa Mhunze, makao makuu ya Kishapu mkoani Shinyanga, tunafurahi kwamba tangu Kishapu iwe wilaya mwaka 2002 mji umevimba kiasi cha kustahili mchoro. Tatizo letu ni neno dogo mnaloliandika juu ya kila penye majani marefu: "tupu". Neno hilo lina meno. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaiweka ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika ndani ya ardhi ya jumla, isiyosimamiwa na kijiji. Pacha wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, haisemi hivyo, na katikati ya mapacha hao malisho hupotea. Ngitili, yaani malisho yetu ya akiba, hufungwa masika ili ifunguliwe kiangazi, ndama na ng'ombe waliodhoofika wapate pa kushika roho. Kuachwa ndiyo kazi yake. Nani aliwahi kulikuta ghala limefungwa mwezi Machi akatangaza kwamba halina mwenyewe?

Kwa kuwa macho ya serikali huona ofisi kuliko nyasi, tunaomba kila ngitili iajiriwe karani. Apewe meza yenye mguu mmoja mfupi, mhuri, pedi ya wino uliokauka, na kitabu cha wageni ambamo kila mgunga utasaini asubuhi: jina, utokako, shida yako. Saa nne anywe chai chini ya mkwaju na kuacha koti kwenye kiti, ili ijulikane yupo. Mpimaji akifika na bikoni zake aambiwe, "Njoo kesho, bosi yuko kwenye kikao." Bosi ni nyasi, na kikao ni mvua.

Mtasema mji lazima ukue. Nani kabisha? Lakini mchoro hufika nyumba zikiwa zimeshaezekwa, kisha kosa la kuchelewa hulipwa na aliyewahi: yeye ndiye huchorewa X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Mtasema tena kwamba baadhi ya ngitili zimeshikwa na wenye mifugo mingi. Kweli, na hiyo ni hoja ya kugawana malisho vizuri; kuyakata viwanja hakumpi maskini hata unyasi. Zaidi ya hayo, tulishaonyeshwa jinsi ya kufagia ardhi. Mapori ya Usukuma yalikatwa kwa jina la kuua mbung'o na kupanda pamba, hadi Shinyanga ikaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 zilikuwapo hekta 600 hivi za ngitili. Miaka ya 2000 ilikuta zaidi ya 300,000 mkoani, nyingi zikifufuliwa na wanavijiji kwa kuzifunga tu. Utafiti wa 2005 ulikadiria kwamba misitu hiyo iliyorudi ilimpa mtu dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi vijijini ulikuwa dola 8.50. Hiyo ndiyo "tupu" yenu. Mnafuta kwa rula ya sentimita thelathini kile ambacho wazee walikaa miaka ishirini wakikilinda na fimbo, halafu mnatuita tusiojua mipango!

Tuwieni radhi, kalamu imeteleza. Ombi la karani liko palepale. Jibu likiwezekana lifike kabla ya Julai, maana mwezi huo mlango wa ngitili hufunguliwa na karani atakuwa na foleni ndefu ya ndama.

Wenu watiifu,
Wakazi wa eneo tupu, Mhunze