Boti Nyekundu, Ndagala Zilizolowa na Daftari la Mjane

Baba Neema alikulia Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ambako mtoto wa kiume huanza kufuata wavua ndagala, yaani dagaa, usiku kabla hajajua kusoma vizuri. Vita ilipotutoa huko tulivuka hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na kutoka Nyarugusu tukaletwa Boise, jimbo la Idaho, Marekani, mji uliopokea Wakongo wengi wanaosema Kiswahili. Tangu tufike, mume wangu alikuwa akipita darajani anapunguza mwendo atazame maji. Kwa hiyo aliponiambia anataka kununua boti ya jeti iliyotumika, kwa pesa zangu za likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu, na akiba yake ya kazi ya ghalani, sikushangaa. Nilichotaka kujua ni bei yake, na nani ataikagua.

Kwamba iwe ya jeti, hapo hatukubishana. Mto Snake, ambako tungeipeleka, si ziwa. Maji yake yana mbio, mahali pengine hayafiki magoti, na chini ni mawe. Propela huning'inia chini ya boti, na ikigonga jiwe safari imeishia hapo. Boti ya jeti haina kinachoning'inia, na ikishika mwendo hupita juu ya maji machache mno. Bill Hamilton wa Nyuzilandi, mfugaji wa kondoo aliyekuwa pia fundi mkubwa, alitengeneza yake mwaka 1954 kwa ajili ya mito ya kwao isiyo na kina, na mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado kinyume cha mkondo kupitia Grand Canyon. Hapa Idaho zimekuwa sehemu ya maisha. Kule Hells Canyon, ambako mto Snake umechimba bonde lenye kina cha zaidi ya mita 2,000, watu wanaoishi kwenye mashamba yasiyo na barabara hupelekewa hata barua kwa boti za namna hiyo.

Boti ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya fibaglasi, ina viti vyeupe na redio kubwa. Mwenyewe alikuwa mfanyakazi mwenzake Baba Neema. Alitaka dola 11,000, akaturuhusu tukae nayo Jumamosi na Jumapili mbele ya nyumba yetu. Watoto wa jirani wakapanda wakapiga picha. Wanangu wakaanza kugombea viti. Baba Neema alikuwa akiizunguka na kitambaa, anafuta mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Baba Neema," nikamwambia, "pesa haitoki kabatini mpaka shemeji alale chini ya hiyo trela."

Shemeji ni mdogo wake, fundi wa magari tangu tukiwa Uvira, Kongo. Alikuja na tochi, kipande cha boksi cha kulalia, na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Hakutazama viti wala redio. Aliingia moja kwa moja chini ya tumbo la boti, kwenye wavu wa chuma, akamulika juu, akakaa kimya. Kisha akaniita: "Shemeji, njoo uone mwenyewe."

Nikalala juu ya boksi. Boti ya jeti hufyonza maji kupitia wavu ule, impela iliyo ndani ya pampu ikayasukuma, nayo yakatoka kwa nguvu kwenye mdomo ulio nyuma. Kila kilichopenya wavuni hupita kwenye impela: mchanga, kokoto, majani, kamba. Impela nzima huzunguka karibu sana na pete inayoizingira, na nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo haifiki milimita moja. Nafasi hiyo ikipanuka, maji huponyoka pembeni, injini inalia juu na boti haiendi. Niliyoiona mimi ilikuwa na kingo zilizomeguka, bawa moja limejikunja, na kwenye pete palikuwa na mfereji ambao ukucha wangu ulizama. Fila geji ya shemeji ilipita bila kugusa popote.

Baba Neema akasema impela hununuliwa. Ni kweli, hununuliwa, na pete pia. Ndiyo maana shemeji alitaka kuiona injini kabla hatujapiga hesabu. Injini nyingi za boti hizi ni za aina ileile inayowekwa kwenye magari, ila hupozwa na maji ya mto. Idaho ina baridi ya kugandisha. Mwenye boti asipotoa maji yote kwenye injini kabla ya majira ya baridi, maji yaliyobaki huganda, yanapanuka na kupasua bloku ya chuma. Majira ya joto yakirudi, ufa unaweza kufunikwa kwa gundi na rangi, boti ikauzwa.

Shemeji akaunganisha mpira wa kumwagilia bustani kwenye bomba la kupozea injini, akaiwasha kwa muda mfupi tu, kwa sababu pampu yenyewe haitakiwi kuzunguka kavu. Tuliinama sote upande mmoja: mimi, Baba Neema, binti yetu Neema na wadogo zake. Chini ya rangi mpya ya injini likatoka tone. Likafuata jingine, kisha tukaona mstari mwembamba wa unyevu, umenyooka kama urefu wa kiganja. Shemeji akazima, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani.

Wakati tumekodolea macho kile kijiti, mpira ulichomoka. Hakuna aliyeona. Karakana yetu iko chini kidogo ya pale trela iliposimama, na maji yakaingia humo yalivyotaka. Humo ndimo ninamoweka gunia la unga wa muhogo, na boksi la ndagala kavu ambalo dada yangu alilituma kutoka Uvira kwa mkono wa msafiri, na lilikuwa limefika wiki ileile. Neema ndiye aliyepiga kelele. Tulipofunga bomba, unga ulikuwa umeshashika maji chini, na ndagala zimelowa zote.

Unga nilimwaga. Ndagala sikuwa tayari kumwaga. Nilitandaza turubai juani, nikazianika moja moja, na mtaa mzima ukajua tunatoka ziwa gani. Jirani wa kulia alikuja kuuliza kama kuna tatizo, Neema akamweleza, akarudi na feni yake kutusaidia kukausha. Baba Neema alikaa kando ya turubai mpaka jioni akifukuza paka. Usiku tukiwa mezani kwenye bugali, akasema mwenyewe: "Kesho ninairudisha." Wala hakusubiri kuulizwa sababu.

Wiki zilizofuata Neema aliandika orodha ya maswali, maana yeye ndiye anayezungumza Kiingereza bila kukwama. Maji hutolewaje kwenye injini wakati wa baridi, na nani anafanya? Pampu ilifunguliwa mara ya mwisho lini? Ikitiwa moto wote, injini inazunguka kiasi gani, na boti inakwenda kasi gani? Namba ya tarakimu na herufi 12 iliyo nyuma ya boti inalingana na ya kwenye karatasi? Na boti imeelea kwenye maji gani mwaka huu? Hili la mwisho si la kupuuza. Septemba 2023 mabuu ya kome wa quagga yaligunduliwa katika mto Snake, eneo la Twin Falls, na jimbo likalazimika kumwaga dawa ya shaba mtoni. Kome hao huziba mabomba ya maji, na husafiri wakiwa ndani ya maji yaliyobaki kwenye vyombo. Kwa hiyo boti lazima ioshwe, imwagwe maji na ikaushwe kabla ya kuhamishiwa maji mengine.

Boti ya pili tuliikuta kwa mama mmoja mjane. Ilikuwa ya alumini, haina rangi, tumbo lake limebonyea hapa na pale. Shemeji alipapasa kila bonyeo, kisha akafuata maungio yote ya kuchomelea kwa tochi, hasa kuzunguka wavu wa pampu, ambako chuma hutikisika zaidi. Kubonyea si ugonjwa; ufa kwenye maungio ndio ugonjwa. Hakuona ufa. Fila geji ilibana pande zote. Neema alipoanza maswali, yule mama aliingia ndani akatoka na daftari la marehemu mumewe. Kila mwaka umeandikwa: siku maji yalipotolewa, oili ilipobadilishwa, beringi na sili za pampu zilipowekwa mpya, na risiti zimebanwa pembeni.

Bado tulitaka kuiona majini. Yule mama aliiendesha mwenyewe, akapanda mkondo, akashuka, kisha akampa shemeji usukani. Shemeji alifanya vizuri mpaka alipoona fungu la kokoto mbele yetu. Akafanya ambalo dereva yeyote wa gari angefanya: akaachia moto, akakata kona. Boti ya jeti haina usukani uliozama majini. Hugeuzwa na maji yanayotoka kwa nguvu nyuma, na maji yasipotoka, usukani unazunguka bure. Tuliteleza moja kwa moja mpaka kokotoni, na pampu ikanyonya mawe kwa mlio ambao sitausahau.

Mama yule hakupandisha sauti. Alizima injini, akafungua kifuniko cha pampu, akaingiza mkono akatoa kokoto, akampa shemeji kiganjani. Neema akatafsiri aliyosema: ukiogopa, ongeza moto kidogo ndipo ukate kona. Tukaisukuma, ikawaka, ikarudi nyumbani bila kulia vibaya. Shemeji akaingia tena chini na fila geji, akatoka akitikisa kichwa kwa furaha.

Yule mama alitaka dola 8,500. Baba Neema alianza kuomba punguzo, nikamgusa mkono. Lile daftari lina thamani kuliko punguzo. Tulilipa bei aliyoitaja, na kati ya zilizobaki dola 1,500 nikazirudisha kabatini kwa ajili ya matengenezo na jaketi okozi, kwa kuwa sheria ya Idaho inataka kila mtoto wa miaka 14 kushuka chini avae jaketi akiwa kwenye boti isiyozidi futi 19, na mimi wangu nataka wavae hata kwenye ndefu zaidi.

Wenzetu wa kanisani sasa wananiuliza wanunue boti gani. Nawaambia wasianze na boti, waanze na muuzaji: anatoa maji lini, nani alifungua pampu, karatasi ziko wapi. Kisha fundi alale chini na atazame pale mawe yanapopita. Pesa ya likelemba ni usiku wa mama anayesafisha vyumba vya hoteli na mgongo wa baba anayebeba maboksi ghalani. Mwenye boti akikataa watu wa namna hiyo wamulike tochi tumboni mwa boti yake, waondoke, hata kama watoto wameshagawana viti.