Bawabu wa Mbele na Mlango wa Uani

Mtu mwenye tovuti ndogo ya kukusanya majina ya kanga, asiyeuza kitu wala asiyemdai mtu, hana sababu ya kudhani kwamba ana adui duniani. Nami, niliyeianzisha tovuti ya namna hiyo nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga, nikaiweka katika seva ya kukodi iliyoko Ujerumani, niliishi katika dhana hiyo tamu mpaka usiku mmoja, yapata saa nane, seva ilipozimia kwa kubishiwa hodi na maelfu ya mashine kwa mpigo.

Shuku yangu ya kwanza ilimwangukia shangazi mmoja katika ukoo wetu, ambaye kanga aliyodai kuwa ndiye wa kwanza kuivaa mjini, mimi kwa taksiri yangu niliiandika kwa jina la wifi yake. Mpwa wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta, alicheka hata akakaa kitako.

"Mjomba, shangazi hata kuzima simu humshinda. Hawa hawakujui wewe wala kanga zako; wao hubisha kila nyumba."

Akanieleza kwamba anwani za IP za mtindo wa zamani, ambazo ndizo zitumikazo hata leo na wengi, hazizidi bilioni 4.3 hivi, na kwamba mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walidhihirisha programu yao iitwayo ZMap, ambayo kwa mashine moja tu yenye mtandao wa kasi, iliweza kugonga mlango mmoja wa kila moja ya anwani hizo kwa muda usiotimia dakika 45. Nilistaajabu sana, maana katika muda huo maharage ya nyumbani kwangu huwa hayajaanza hata kulainika.

Tiba aliyoniandikia ilikuwa bawabu. Nalo ni jambo la hikima: kampuni yenye mashine nyingi zilizotawanyika ulimwenguni husimama mbele yako, na daftari la majina ya intaneti likiulizwa unakaa wapi, hutaja maskani ya bawabu, si yako, basi wageni wema huletwa kwako naye, na mafuriko humwishia yeye kifuani. Nikamweka, nikalala kwa ghururi kama sultani mwenye ngome. Siku ya tatu seva ikaanguka tena, ilhali bawabu amesimama wima, hana hata jasho.

Kumbe aliyenisaliti ni mimi. Bawabu yule hupokea wageni wa kurasa, barua pepe hazimhusu. Na kwa kuwa nilikuwa nikipokea barua katika seva ile ile, daftari la majina halikuwa na budi kumwambia kila aulizaye barua zangu zipelekwe wapi, nalo lilisema bila haya. Fauka ya hayo, kila barua niliyoituma ilibeba kichwani anwani ya mashine ilikotoka. Nilikuwa nimeajiri askari wa mlango wa mbele, kisha nikabandika ramani ya mlango wa uani juu ya kila bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe.

Mpwa wangu akaniagiza mambo matatu: niihamishie barua kwingine, niombe anwani mpya, kisha nifunge milango ya seva kwa ile programu ya ulinzi waiitayo ukuta wa moto, isipokuwa kwa anwani za bawabu, ambazo mwenyewe huzitangaza hadharani. Nilianza na la tatu, kwa sababu ndilo lililokuwa na amri fupi.

Nikaamuru asiingie yeyote ila bawabu. Seva, ambayo katika maisha yake haikuwahi kunitii mara ya kwanza, siku hiyo ilitii papo hapo, ikanifungia nje na mimi. Maana mwenye mali huingia kwa mlango namba 22, nao sikuutaja katika amri yangu. Maandishi kwenye kioo yakaganda. Nilibonyeza kila kidude mpaka chai ikapoa.

Kampuni iliyonikodisha seva ina dirisha la dharura kwa wenye ajizi kama yangu, lakini dirisha hilo lataka neno la siri, nami nilikuwa nimelisahau. Nikaomba wanitumie jipya. Wakanijibu kwa adabu kubwa kwamba wamekwisha kulituma kwa barua pepe. Nayo barua pepe yangu, msomaji hana haja ya kukumbushwa, ilikuwa ndani ya seva niliyoifunga.

Nilikaa barazani nusu saa. Mke wangu akatoka, akanitazama, akauliza kuna msiba gani. Nilipomweleza, alirudi ndani akaja na daftari la madeni ya unga.

"Baba Salma, si hili hapa neno lako? Wewe mwenyewe uliniambia niandike, ukasema utalisahau."

Lilikuwa katikati ya kilo mbili za sukari na deni la jirani.

Safari ya pili tulifuata taratibu, mpwa wangu akiwa amekaa ubavuni pangu na mkono wake karibu na kibodi. Barua zikahama, anwani mpya ikapatikana. Lakini katika saa chache baina ya kuhamia na kufunga milango, nililifungua daftari ambamo seva huandika kila abishaye, nikakuta wageni wamekwisha kufika, wakiniulizia viatu. Aliyekuwa na anwani ile kabla yangu, kwa dalili zote, alikuwa na duka, akahama bila kuwaaga wateja.

"Mjomba, funga."

Nikamwomba dakika moja, maana kulikuwa na mmoja aliyerudi mara tisa kuulizia makubadhi ya kike, nami niliona si uungwana kumfungia mlango usoni. Mpwa wangu akanyoosha mkono, akafunga mwenyewe.