Sifa za Wizi wa Maandishi

Wizi wa maandishi, yaani kuchukua maneno, mawazo, takwimu, michoro au hata mpangilio wa hoja za mtu mwingine na kuviwasilisha kama vyako bila kuonyesha vilikotoka, haujapata kusifiwa ipasavyo. Umeachiwa kurasa chache za vitisho katika mwongozo ambao mwanafunzi wa kigeni hukabidhiwa wiki ya kwanza, pamoja na ramani ya chuo na ratiba ya basi, na ambao kwa kawaida haufungui tena. Haki inadai kwamba sanaa iliyowatumikia wengi kiasi hiki ipewe stahili yake. Isichanganywe, kwanza, na uvunjaji wa hakimiliki, ambao ni kosa la kisheria dhidi ya mmiliki na ambao hauwezekani tena pale muda wa ulinzi unapokwisha. Wizi wa maandishi haujui muda, kwa hiyo aliyenyakua aya ya mtu aliyefariki miaka mia tatu iliyopita, ambaye warithi wake hawadai hata senti, bado anahesabiwa kuwa mwenye sanaa.

Sanaa yenyewe ni kongwe, na huwapa watu wake kumbukumbu isiyofutika. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mshairi Martial wa Roma alilalamika katika tungo zake kwamba mtu aliyemwita Fidentinus alikuwa akisoma mashairi yake mbele za watu kana kwamba ameyatunga yeye. Waroma wengi waliotunga kwa jasho lao wamesahaulika kabisa, ilhali Fidentinus, ambaye hakuna ubeti wake hata mmoja unaojulikana, anatajwa hadi leo. Tena sanaa hii haibagui cheo. Mwaka 2011 ilimwondoa madarakani waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, baada ya Chuo Kikuu cha Bayreuth kumvua udaktari wa sheria. Mwaka uliofuata ikamfikia Pál Schmitt, rais wa Hungaria. Na mwaka 2013 ikamgeukia Annette Schavan, waziri wa elimu na utafiti wa Ujerumani, ambaye alikuwa amesema hadharani kwamba anaona aibu kwa yaliyompata Guttenberg. Tasnifu ya Schavan, iliyohusu utu na dhamiri, ilikuwa ya mwaka 1980. Kumsubiri mtu miaka zaidi ya thelathini, mpaka apande cheo cha kutosha ili anguko lake lionekane vizuri, ni uvumilivu ambao wasimamizi wengi wa tasnifu hawana.

Hata hivyo, mapenzi makubwa ya sanaa hii yako kwa mwanafunzi anayesoma ugenini. Huyu hufika Uingereza au Marekani akitoka katika mfumo wa mitihani ambamo kurudisha maelezo ya mwalimu neno kwa neno kuliitwa kuelewa, na ambamo desa, yaani nakala za maandishi zinazopita mkono kwa mkono hadi stesheneri ya jirani na chuo bila jina la aliyeziandika, lilimvusha mihula yote. Mwanaisimu Alastair Pennycook, katika makala ya mwaka 1996 iliyotokana na kufundisha kwake Hong Kong, alionyesha kwamba umiliki wa maneno hauna sura moja kila mahali, na kwamba kukariri kunaweza kuwa njia ya kweli ya kujifunza. Hoja hiyo ni nzuri, lakini imezaa mtoto mvivu, yaani dai kwamba watu wa mataifa fulani hawana utamaduni wa kutaja chanzo. Wizi wa maandishi huupenda sana utetezi huu, kwa kuwa humwokoa mteja wake asiitwe mwizi kwa kumfanya aitwe mjinga. Aliyepita madrasani Lamu au Zanzibar anaijua isnadi, yaani mlolongo wa majina ya wapokezi ambao bila huo hadithi ya Mtume haikubaliki hata maneno yake yawe matamu namna gani. Na watunzi wa tenzi walizoea kujitaja katika beti za mwisho, wakati mwingine pamoja na tarehe na idadi ya beti. (Wahenga peke yao, wanaonukuliwa kuliko mwandishi yeyote wa Kiswahili, hawajawahi kudaiwa mwaka wala ukurasa. Wao wamo katika kile kiitwacho maarifa ya wote, yaani mambo ambayo kila msomaji anayajua au anaweza kuyathibitisha popote, kama vile urefu wa Mlima Kilimanjaro kuwa mita 5,895, na ambayo hayahitaji rejeo.)

Wanaoiita sanaa hii kimbilio la wavivu hawajaitazama kwa karibu. Mtafiti wa uandishi Rebecca Moore Howard alieleza, tangu miaka ya 1990, tabia inayoweza kuitwa uandishi wa viraka, ambapo mwandishi hubeba sentensi ya mwingine na kubadilisha neno moja moja huku akiacha mshono ule ule. Tuseme kitabu kimeandika: "Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa kasi tangu mwanzo wa karne ya 20, na wataalamu wanatofautiana kuhusu sababu zake." Mwanafunzi, kamusi mkononi, anatoka na hii: "Theluji ya Kilimanjaro imepunguka kwa haraka tangu kuanza kwa karne ya 20, na wasomi wanahitilafiana kuhusu visababishi vyake." Ametoa jasho la kweli, na hata hivyo sentensi bado si yake, tena, kama Howard alivyosisitiza, mara nyingi hakukusudia kudanganya, bali hajalimudu somo kiasi cha kulisema vingine. Angeufunga ukurasa angeweza kuandika kwamba chanzo cha kupungua kwa barafu ya Kilimanjaro katika miaka zaidi ya mia moja iliyopita hakijaafikiwa, akaweka jina la mwandishi na mwaka, kwa sababu hata wazo lililovishwa maneno mapya lina mwenyewe, na kazi ingekuwa imekwisha kwa dakika mbili. Njia hiyo fupi mno haiwezi kumvutia mtu mwenye bidii.

Bidii hiyo imekabidhiwa pia mashine za kubadilisha maneno, na matunda yake yanastahili makumbusho. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac na wenzake walichapisha uchunguzi wa makala za kisayansi ambamo istilahi zilizozoeleka zilikuwa zimeteswa hadi zikapoteza akili: akili bandia ikageuka fahamu ya kughushi, na saratani ya matiti ikawa hatari ya kifuani. Asiyetumia mashine huacha alama nyingine, kwani sanaa hii ni nyoofu kuliko inavyodhaniwa: aya moja yenye kivuli cha kijivu nyuma ya herufi, neno la buluu lililopigiwa mstari, namba 14 ndani ya mabano katika kazi yenye marejeleo sita, na ahadi ya mambo yatakayoonekana katika sura ya nne ya insha yenye kurasa tatu.

Kiuchumi sanaa hii ni mfadhili mkubwa. Turnitin, programu iliyoanzishwa California mwaka 1998 na inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na kurasa za intaneti, majarida na kazi zilizowahi kuwasilishwa, iliuzwa mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 1.75. Asilimia inayotolewa na programu hiyo hupima ufanano, wala haipimi wizi: asilimia 30 inaweza kuwa ni orodha ya marejeleo na nukuu zilizofungwa vizuri, na asilimia 4 inaweza kuwa aya nzima ya mtu. Nairobi nako wamo wahitimu wasio na ajira wanaokesha wakiandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, hali iliyoonyeshwa katika filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford anawafuatilia. England ilipiga marufuku biashara ya kuuza insha kwa sheria ya mwaka 2022, lakini inabaki kuwa mwanafunzi wa Mombasa aliyeko Leeds anaweza kununua mawazo ya mhitimu wa Nairobi aliyekosa viza ya kwenda kuyatoa mwenyewe.

Wapo wakorofi wanaoinyima sanaa hii riziki. Wanaposoma huandika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa kabla ya kunakili neno lolote. Maneno ya mwingine huyafunga kwa alama za mtajo tangu kwenye daftari. Hawarudii kazi yao ya muhula uliopita bila idhini. Na rasimu zao zote huzihifadhi zikiwa na tarehe. Tabia hiyo ya mwisho inaudhi kuliko zote, kwani uchunguzi wa watafiti wa Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba programu za kutambua maandishi ya akili bandia zilizituhumu kimakosa, kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na mwenye rasimu ana cha kuonyesha.

Kwa asiye na rasimu, sanaa hii imeweka zawadi ambayo mwenyeji haipati. Mwenyeji akifukuzwa hurudi mtaani kwao na kuomba chuo kingine, lakini mgeni aliyefukuzwa Uingereza chuo hulazimika kumripoti kwa mamlaka ya uhamiaji, viza yake hufupishwa, naye hufika nyumbani mapema kuliko ndugu zake walivyomtarajia. Ada aliyokwisha kulipa, kwa kawaida, hairudishwi.